Sensa ya ABS na Mwaka wa Lori

Sensa ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa kukanyaga breki, ni kifaa kidogo kinachopima kasi ya mzunguko wa gurudumu na kuipeleka kwenye kompyuta ya breki. Dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, kompyuta hiyo huangalia kama kuna gurudumu linalopunguza mzunguko ghafla kupita kiasi. Likiwapo, huhesabu kwamba linakaribia kujifunga na kuanza kuburuzika, hivyo huilegeza breki yake kwa sehemu ya sekunde kisha kuikaza tena. Kazi hiyo haijabadilika tangu Mercedes-Benz na Wabco, kampuni ya vifaa vya breki, walipoileta ABS kwenye magari makubwa ya biashara mwaka 1981. Kilichobadilika ni namna ya kupima na mahali pa kupimia, na ndiyo maana muuza spea hukuuliza mwaka wa gari kabla hajanyoosha mkono rafuni.

Pikapu za Marekani zinaonyesha mabadiliko hayo vizuri. Mwaka 1987 Ford iliweka kwenye F-150 mfumo uliolinda magurudumu ya nyuma peke yake, kwa sababu pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma na tairi zake hufunga upesi. Mfumo huo ulikuwa na sensa moja tu, iliyochomekwa kwenye difu, yaani gia ya ekseli ya nyuma, ikisoma pete yenye meno iliyo ndani, kwa hiyo magurudumu mawili yalihesabiwa kama moja. General Motors ilifuata mwaka 1988, lakini yenyewe ilitumia sensa ya mwendo iliyoko kwenye gia boksi. Mwenye gari la namna hiyo anayeagiza sensa ya ABS ya gurudumu la mbele anaagiza kitu ambacho gari lake halijawahi kuwa nacho.

Sensa za enzi hizo zilikuwa sumaku iliyozungushiwa koili. Jino la pete likipita mbele ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili, na kadiri gurudumu linavyokwenda kasi ndivyo mawimbi ya umeme huo yanavyoongezeka wingi na nguvu. Sensa ya aina hii haihitaji kulishwa umeme na huvumilia joto na vumbi, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: gari likienda polepole sana, mawimbi hufifia hadi kompyuta isiyaone, na nafasi kati ya sensa na meno ikipanuka hata kidogo, hufifia mapema zaidi.

Udhaifu huo ulijitokeza kwenye pikapu za General Motors zilizotoka kuanzia 1999, ambazo sensa zake za mbele zilifungwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye beringi. Katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, kutu ilijijenga chini ya sensa na kuiinua taratibu. Gari lilipokaribia kusimama mawimbi yalipotea, kompyuta ikadhani gurudumu limefunga, ikalegeza breki wakati dereva anazihitaji. Mwaka 2005 kampuni iliyaita magari ya modeli za 1999 hadi 2002 katika majimbo hayo yarudishwe kutengenezwa. Hapakuwa na kosa katika hesabu za kompyuta. Ililetewa habari pungufu.

Sensa za kizazi kilichofuata hulishwa umeme na kompyuta, husoma sumaku zilizopangwa kwenye pete ambayo mara nyingi imo ndani ya sili ya beringi, na hutoa mawimbi yenye nguvu ileile hata gurudumu likijongea tu. Kwa macho zinafanana na za zamani, kwa kuwa nyingi nazo zina waya mbili, lakini hazibadilishani: kompyuta iliyozoea lugha moja haielewi nyingine. Hata upimaji ni tofauti. Koili hupimwa kwa omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, na kwenye malori makubwa usomaji mzuri kwa kawaida huangukia kati ya omu 900 na 2,500 kutegemea mtengenezaji. Sensa inayolishwa umeme ukiipima hivyo hupati jibu lenye maana.

Mtu angetarajia malori makubwa yawe yametangulia kuhamia sensa hizi zinazolishwa umeme, lakini sivyo. Mengi yaliendelea na sensa ya koili na pete ya meno 100, inayosukumwa kwa mkono ndani ya bushi ya springi hadi iguse pete, kisha gurudumu lenyewe huirudisha kidogo linapozunguka. Tofauti kati ya miaka huwa zaidi kwenye urefu wa waya, umbo la plagi, na kichwa cha sensa kama kimenyooka au kimepinda.

Kwa malori makubwa ya Marekani, swali zito zaidi ni kama ABS ipo kabisa. Sheria ya huko iliilazimisha kwa vichwa vya kuvuta tela vilivyotengenezwa kuanzia Machi 1, 1997, na kwa tela kuanzia Machi 1, 1998. Herufi ya kumi ya namba ya chasisi hutaja mwaka wa modeli, si siku ya kutengenezwa. Vichwa viwili vyenye herufi V, ya 1997, kimoja kikiwa kimetoka kiwandani Novemba 1996 na kingine Aprili 1997, vinaweza kufanana kila kitu, isipokuwa cha kwanza kikawa hakina hata tundu la kuchomeka sensa. Anayenunua anapaswa kusoma kibao cha mlangoni chenye mwezi wa kutengenezwa.