Kuchomoka: maana yake katika mbio za baiskeli, na kwa nini hutuweka roho juu

Katika mbio za baiskeli za kulipwa, kuchomoka ni pale mpanda baiskeli mmoja au wachache wanapoliacha kundi kubwa kwa makusudi na kutangulia, aghlabu mapema mno, wakati mstari wa kumalizia bado uko mbele kwa kilomita 100 au 150. Kundi kubwa linalobaki nyuma huitwa pelotoni. Nafasi iliyopo baina yao hupimwa kwa dakika na sekunde, na ndiyo namba inayokaa kwenye kioo cha televisheni muda wote. Ukishajua kuisoma namba hiyo, mbio zimekufungukia.

Nalisema hili kwa sababu hapa Unguja wengi wanaojaribu kutazama Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, huziacha ndani ya nusu saa. Wanaona watu zaidi ya 170 wamebanana barabarani, hakuna goli, hakuna kadi, na hatua moja, yaani mbio za siku moja, inakula saa nne au tano. Zote ni hatua 21, zinazotandazwa katika wiki tatu za Julai. Macho yaliyolelewa na mpira yanauliza: sasa hapa natazama nini? Jibu langu siku zote ni moja: watazame waliochomoka, halafu itazame saa.

Tuanze na upepo, maana mambo yote yanatoka huko. Aliyepanda baiskeli kutoka mjini kwenda Fumba kusi likiwa limeshika anaijua habari hii kwa magoti yake. Ukiwa peke yako unapambana na ukuta. Ukijibanza nyuma ya gurudumu la mwenzako, ukuta unaondoka, unapumua, unaweza hata kuzungumza. Kwenye mashindano, mwendo ukiwa kilomita 40 au 45 kwa saa, hewa yenyewe ndiyo inayokula sehemu kubwa ya nguvu za mtu hata kama majani hayatikisiki. Anayejificha nyuma ya mwenzake mmoja huokoa kiasi cha theluthi ya nguvu zake. Aliyezama katikati ya pelotoni huokoa zaidi ya hapo: vipimo vilivyotolewa mwaka 2018 na mhandisi Bert Blocken na wenzake vilionesha kwamba ndani kabisa ya kundi, ukinzani wa hewa hushuka hadi kati ya asilimia 5 na 10 ya ule anaokabiliana nao mtu aliye peke yake.

Basi fikiria maana ya kutoka humo kwa hiari yako. Unaacha kivuli unakwenda juani. Watu watano wanapokezana kukata upepo, na nyuma yao kuna zaidi ya 160 ambao wengi wao wanapumzika huku wakienda. Mwandishi wa habari wa Ufaransa, Robert Chapatte, aliacha kanuni ambayo wapenzi wa mchezo huu wanaitumia hadi leo: pelotoni ikiamua kufukuza kwelikweli, hurudisha dakika moja kwa kila kilomita 10. Kwa hiyo waliochomoka wakiwa na dakika tatu na zimebaki kilomita 30, hesabu inasema watakamatwa mlangoni. Wakiwa na dakika nne, moyo wa mtazamaji unaanza kwenda mbio.

Hapa ndipo wageni wa mchezo wanapouliza swali zuri: kama pelotoni ina nguvu hivyo, kwa nini inawaachia waende? Kwa sababu inawahitaji. Timu ya aliyevaa fulana ya njano, yaani anayeongoza kwa jumla ya muda, haina wasiwasi na mtu aliye nyuma yake kwa dakika 40. Huyo na aende, atatuliza mambo. Akichomoka mtu aliye nyuma kwa dakika mbili tu, hafiki mbali. Na zile timu zenye mkimbiaji wa kasi ya mwisho hazitaki kuwakamata watoro mapema, kwani wakishakamatwa barabara inakuwa wazi na wengine wapya watajaribu. Wanawaacha waning'inie mbele kwa dakika mbili, kisha moja, kisha sekunde 40, huku wakiwachosha taratibu. Ni ukatili wa hesabu, na mimi naupenda. Kila saa unayotazama, kuna mtu ndani ya gari la timu anapiga hesabu ileile unayoipiga wewe barazani, na wote wawili mnaweza kukosea.

Ndani ya kikundi kilichotangulia kuna mchezo mwingine. Bila kusaidiana hawafiki popote, lakini atakayeshinda ni mmoja. Ni kama wavuvi wanaovuta juya pamoja wakijua samaki wote watachukuliwa na mtu mmoja ufukweni. Kwa hiyo mtazame anayekwepa zamu yake ya kukata upepo, anayejifanya amechoka, anayechungulia nyuma mara kwa mara. Katika kilomita ya mwisho wanaweza hata kupunguza mwendo kabisa, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze, na pelotoni inawanusa visigino.

Mfano ulionikaa moyoni ni wa Jonas Abrahamsen wa Norway. Tarehe 6 Julai 2024, kwenye hatua ya kwenda Colombey-les-Deux-Églises, alikaa mbele peke yake kwa sehemu kubwa ya siku. Pelotoni ikamfikia kabla ya mwisho, na aliyeshinda akawa Biniam Girmay wa Eritrea. Sisi wa huku tulikuwa na sababu zote za kushangilia: siku tano nyuma, mjini Turin, Girmay alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, na mwaka ule alishinda hatua tatu na kurudi nyumbani na fulana ya kijani, ya anayeongoza kwa alama. Hata hivyo furaha yetu ilijengwa juu ya jasho la yule Mnorwe. Ndivyo mchezo huu ulivyo. Unaweza kumtakia heri mtu na papo hapo ukaiombea pelotoni imfikie.

Mwaka uliofuata Abrahamsen alivunjika mtulinga wiki chache tu kabla ya Tour, akapona kwa shida, akaanza. Tarehe 16 Julai 2025, kwenye hatua iliyoanzia na kuishia Toulouse, alichomoka mwanzoni kabisa. Mwishoni walibaki wawili, yeye na Mauro Schmid wa Uswisi, huku Mathieu van der Poel wa Uholanzi akiwajia nyuma kwa kasi ya kutisha. Abrahamsen alimshinda Schmid kwa tofauti ndogo ya gurudumu. Van der Poel akawa wa tatu.

Wapo wanaochomoka na kusahauliwa. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, tarehe 25 Julai 2021, wanawake watano walitoka mara tu bendera iliposhushwa. Miongoni mwao walikuwa Waafrika wawili, Vera Looser wa Namibia na Carla Oberholzer wa Afrika Kusini, na pia Anna Kiesenhofer wa Austria, mtaalamu wa hisabati ambaye wakati ule hakuwa na mkataba na timu yoyote ya kulipwa. Mwanya ulipita dakika 10. Olimpiki hairuhusu redio za masikioni, ambazo kwingine huwapa wapanda baiskeli habari za mwanya kutoka kwenye gari la timu, kwa hiyo huko nyuma hesabu ziliwapotea. Zikiwa zimebaki kilomita 41 hivi Kiesenhofer aliwaacha wenzake waliosalia, akaenda peke yake hadi dhahabu. Zaidi ya dakika moja baadaye Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alivuka mstari mikono juu, akiamini kwamba ameshinda.

Lakini wengi hukamatwa, na wanajua hivyo tangu asubuhi. Wanakwenda kwa sababu nyingine: jina la mdhamini lionekane kwenye televisheni kwa saa nne, ipatikane tuzo ya mpambanaji wa siku, au zikusanywe alama wanazopewa wanaotangulia kufika juu ya vilima njiani. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alifanya hivyo kwenye Tour ya mwaka 2015. Alichomoka siku baada ya siku akiokota alama juu ya vilima vidogo vidogo, hadi tarehe 9 Julai akavaa fulana nyeupe yenye madoa mekundu, ya mfalme wa milima, Mwafrika mweusi wa kwanza kuivaa. Fulana ile haikutokana na kushinda hatua hata moja.

Kuna pia namna ya pili, ambayo haiombi ruhusa ya mtu: mwenye nguvu kuliko wote anaondoka na hakuna wa kumfuata. Tuliishuhudia karibu na kwetu, Kigali, tarehe 28 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Njia ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5, vilima vitupu. Tadej Pogačar wa Slovenia alishambulia zikiwa zimebaki kilomita 104, akabaki peke yake katika 66 za mwisho, na akashinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Kwa ladha yangu namna hii inastaajabisha zaidi kuliko inavyosisimua, kwa sababu ile namba kwenye kioo inakua tu, haikuachii nafasi ya kuogopa.

Anayetaka kuanza na namna ya kwanza, Julai saa zetu zinatusaidia. Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo hatua nyingi huanza kiasi cha saa 8 mchana na kumalizika baina ya saa 12 na saa 12:30 jioni, karibu na Magharibi. Chagua hatua ya vilima vya wastani, siyo tambarare kabisa wala ya milima mikubwa, maana huko ndiko waliochomoka na pelotoni wanapolingana zaidi. Kama bando la simu ni dogo, usilimalize kwenye saa tatu za mwanzo. Soma tu nani wametoka, wako wangapi, na wanatoka timu gani. Wakiwa sita au saba wenye nguvu, na timu kubwa nazo zina mtu wao mle ndani, nyuma hakuna mwenye haja ya kufukuza. Kisha ifungue picha zikiwa zimebaki kilomita 30, uone wana dakika ngapi.