Gari la Hokkaido kwenye chumvi ya Malindi: kagua chini kabla ya kufunga trela

Ukitafuta gari la Japani linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kukokota boti kwa trela, jua kwamba wengi wanaolinunua kule ni watu wa mikoa ya theluji: Hokkaido, Aomori, Niigata. Wakati wa baridi barabara za huko hunyunyizwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo, hasa kalsiamu kloridi, hunyonya unyevu hewani. Ikishajibana kwenye mikunjo ya chesi haikomi gari likipakiwa melini. Likifika Malindi, penye unyevu mwaka mzima na upepo wa kusi unaorusha chumvi ya bahari hadi uani, kutu inaendelea pale ilipoachia. Kwa hiyo kwangu mimi hali ya chini ya gari ndiyo ya kwanza. Kilomita, rangi na jina la kampuni vinafuata nyuma.

Kabla hujalipa, mwambie wakala akutumie karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari pale linapouzwa Japani, si picha za kung'aa peke yake. Kwenye mchoro wa gari, S ni kutu, C ni chuma kilicholika, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Alama ya jumla ya 4 haitoshi: soma na maelezo ya mkaguzi, maana kutu ya chini huandikwa kwa maneno. Sheria ya Kenya inataka gari lisilozidi miaka 8, lakini miaka 4 ya Sapporo, kule Hokkaido, inaweza kuwa imelila chuma kuliko miaka 7 ya Osaka, kusiko na theluji nyingi.

Gari likiwa mbele yako, lipandishe jeki, liweke kwenye stendi, uingie chini na tochi, bisibisi na sumaku. Anzia nyuma. Tazama paipu za breki zinapopita juu ya ekseli, vikalio vya springi, kingo za chini ya milango, shingo ya tangi la mafuta na pale bampa inapofungwa. Kutu ya unga wa kahawia inayofutika kwa kitambaa haina neno. Sugua, paka rangi. Inayobanduka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma ni habari nyingine. Igonge kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilicholika kinatoa mlio mzito uliokufa. Sumaku isiposhika, hapo pana fila, si bati. Na ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya, angalia bushi za mpira na ekzosi. Kama nazo zimerukiwa na rangi, aliyepaka alikuwa na haraka ya kuficha. Gari hilo mimi silinunui kwa bei yoyote, na kwa kuvuta trela ndiyo kabisa, kwa sababu bolti za ndoano ya kuvutia trela hushika chuma hichohicho cha nyuma.

Sasa piga hesabu ya mzigo. Boti ya faiba ya futi 15 au 16, ganda lake huwa kilo 300 hadi 400. Mashine ya farasi 40, kilo 75 hivi. Petroli lita 50, karibu kilo 37. Trela yenyewe, kilo 200. Nanga, kamba na barafu ya samaki, kilo 50. Jumla ni kilo 660 hadi 760 hivi, na 750 ndio mpaka ambao watengenezaji wengi huwekea trela isiyo na breki zake. Sehemu ya kumi ya uzito huo ikalie ndoano. Ikipungua, trela hucheza mkia ukishika kasi; ikizidi, pua ya gari huinuka na usukani ukawa mwepesi. Sogeza boti mbele au nyuma juu ya trela, kisha upime tena kwa mizani ya magunia.

Fielder na Noah ni magari mazuri ya familia, ila si ya kazi hii. Nissan X-Trail ya toleo la T32 na Subaru Forester, zenye CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia), zinaweza safari fupi, Malindi hadi Mayungu au Watamu, mradi mafuta ya gia yabadilishwe kila kilomita 40,000. CVT huvuta kwa mkanda au mnyororo wa chuma uliobanwa kwa shinikizo la mafuta. Mafuta yakipata moto sana yanakuwa mepesi, shinikizo linashuka, mkanda unateleza na kukwaruza puli. Ndiyo maana kwa saizi hiyo napendelea Mazda CX-5 ya petroli lita 2.5, yenye gia boksi ya kawaida ya otomatiki ya gia 6. Ile ya dizeli lita 2.2 safari fupi za mjini huijaza masizi. Mkiwa watu saba na pesa ipo, chukueni Prado 150 ya petroli lita 2.7, yenye chesi yake mbali na bodi, na gia ya L4 (gia nzito ya kwenda polepole kwa nguvu).

Theluji na mchanga si kitu kimoja. Kwenye theluji tairi huteleza kirahisi, magurudumu ya nyuma husukuma kwa sekunde chache na gari linatoka. Mchanga unakaba. Klachi inayounganisha magurudumu ya nyuma ya X-Trail au CX-5 hufanya kazi bila kupumzika, inapata moto, taa inawaka na gari linabaki kuvuta mbele tu. Hapo simama, liache lipoe. Kabla ya kuingia mchangani punguza upepo wa tairi hadi PSI 18, na uurudishe kabla ya lami. Tairi ikiwa imeandikwa STUDLESS ubavuni, ni ya theluji, itoe: mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi, na kwa joto letu unayumba na meno yanaisha upesi.

Wakati wa kushua, gari lisiguse maji. Funga kamba ndefu kati yake na trela. Beringi za trela zikitoka safari zina moto. Ukiziingiza baharini papo hapo, hewa iliyo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) husinyaa na kunyonya maji ya chumvi kupitia sili. Ngoja nusu saa, gusa habu kwa mkono, ikipoa ndipo ushue. Jioni osha trela na chini ya gari kwa maji ya mfereji, kwani visima vingi vya Malindi vina chumvi. Kila miezi mitatu fungua habu, toa grisi yote, weka grisi ya baharini. Ya zamani ikitoka imegeuka nyeupe, maji yameingia: badilisha sili, na uikague beringi kabla ya kuirudisha.