Pima tini kwa maji kabla hujavunja yai

Wanaokuja kujifunza kuoka kwangu Donholm huniuliza sana, "Mwalimu, mbona keki yangu imezama katikati?" Kabla sijauliza habari ya mayai au moto, mimi huuliza tini, yaani chombo cha bati cha kuokea. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Watu huangalia upana wa tini wakasahau kina cha rojo. Keki ya kilo moja tuliyoizoea hapa Nairobi, yaani mayai manne, na siagi, sukari na unga gramu 225 kila kimoja, hukaa vizuri kwenye tini ya duara ya inchi 8 yenye kimo cha inchi 3. Mimina rojo hilohilo kwenye inchi 6 uone. Moto huingia kutoka ukutani kwenda ndani, kwa hiyo kingo zitakauka huku katikati bado ni uji, na ukiitoa ikiwa hivyo lazima izame.

Kosa la upande wa pili nililifanya mwenyewe nilipoanza kuuza. Mama mmoja wa Umoja aliagiza keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, na tini yangu ya inchi 8 nilikuwa nimemwazima mtu. Nikatumia ya inchi 9, nikiamini inchi moja si kitu, nikaiacha keki dakika 45 kama kawaida. Kisu kilipoingia, vipande vilimomonyoka kama mchanga mkavu. Nilioka nyingine usiku huo.

Inchi moja ni kitu. Tini ya inchi 8 ina eneo la inchi za mraba 50 hivi. Ya inchi 9 ina karibu 64, zaidi ya robo juu yake. Rojo linatandaa, linakuwa jembamba, linaiva mapema. Siku hizi nikihamia inchi 9 naanza kuidunga keki kwa kijiti dakika ya 30 kuona kama imeiva. Na tini ya mraba ya inchi 8 ni sawa na duara ya inchi 9, si ya inchi 8. Hapo wengi hukosea.

Kama hesabu zinakuchosha, chukua chupa ya soda ya nusu lita. Ijaze maji, mimina kwenye tini, hesabu hadi ijae. Kwa kimo cha inchi 3, tini ya inchi 6 huchukua karibu chupa tatu, ya inchi 8 karibu tano, ya inchi 10 karibu nane. Basi resipe ya inchi 8 ukiipeleka kwenye inchi 10, iongeze kwa nusu na kidogo. Njia hii inakubali hata tini ya umbo la moyo, au sufuria.

Jingine ni hewa yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa haikandamizi sana, kwa hiyo keki huumuka haraka na kwa nguvu. Vitabu vingi huruhusu kujaza tini hadi theluthi mbili. Mimi nakomea nusu, na bekingi pauda naipunguza kidogo.

Ukienda soko la Kamukunji kununua tini za mafundi wa jua kali, beba rula. Pima kipenyo kwa ndani, maana mdomo uliokunjwa hudanganya. Angalia kuta zimesimama wima, kisha inua tini juani uone kama mshono unapitisha mwanga. Bati jeupe ndilo ninalolipenda. Tini nyeusi hunyonya joto zaidi, nami hushusha oveni kwa nyuzi 10 au 15.

Wanaooka kwa makaa, sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, wasichague tini inayobana. Acha vidole viwili kuzunguka pande zote ili joto lipite. Oveni ya meko nayo ni hivyohivyo: tini ikigusa ukuta, upande huo utaungua.

Tini zangu zote nimezichora kwa msumari chini ya kitako, idadi ya chupa zake. Mwanafunzi akiingia jikoni hunikuta nimezipindua mezani, na namba ndiyo ninayomwonyesha kwanza.