Rokabili ni nini, na kwa nini santuri ya 1954 haichoshi

Ukitaka kumweleza mtu rokabili bila kuzunguka sana, mpe santuri namba 209 ya Sun, kampuni ndogo ya kurekodi muziki, iliyotoka Memphis, Tennessee, Julai 1954. Upande mmoja una "That's All Right", wimbo wa bluzi (blues) wa Arthur Crudup, mwanamuziki Mweusi aliyeirekodi mwaka 1946. Igeuze, utakuta "Blue Moon of Kentucky" ya Bill Monroe, Mzungu wa Kentucky. Wimbo huo awali ulikuwa waltz ya kuhesabu tatu-tatu, ya taratibu. Hapa umegeuzwa ukawa wa nne-nne na kutiwa kasi. Anayeimba pande zote mbili ni Elvis Presley, kijana wa miaka 19.

Jina lenyewe limeungwa kwa namna hiyohiyo. "Rok" ni ya rok en rol, "bili" ni ya hilibili, neno ambalo Wamarekani wa mjini walimtupia mkulima wa milimani kule kusini wakimaanisha mshamba. Muziki wa hilibili, mama wa kantri ya leo, ni wa gitaa, fidla na banjo. (Santuri zake zilisafiri mbali: mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis, Kenya, wakiimba kuhusu "Chemirocha", ambaye ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa hilibili wa Mississippi, jina lake likiwa limeshapata ladha ya Kikalenjin.) Ukichanganya hilibili na bluzi katika bendi ya watu watatu au wanne, miaka ya 1954 hadi 1958 hivi, unapata rokabili. Nywele za mafuta na viatu vya rangi ni mapambo tu.

Kwenye santuri hiyo ya 209 hakuna ngoma hata moja. Kuna gitaa kavu la Presley, gitaa la umeme la Scotty Moore, na besi kubwa ya mbao ya Bill Black, ile inayopigwa mtu akiwa wima. Mdundo unaousikia kama ngoma ni besi. Mpigaji anaunasa uzi kwa kidole, anauvuta utoke kwenye ubao wa shingo, kisha anauachia ujigonge kwenye mbao. Hapo anapata noti na kishindo kwa mpigo mmoja. Mkono ukirudi, kiganja kinachapa nyuzi zote juu ya ubao, "ta!", bila noti. Akizoea, anaongeza "ta" mbili kati ya noti na noti, na besi inakwenda kama farasi. Nyuzi zilizofaa kazi hiyo zilikuwa za utumbo wa mnyama: nene, laini, zenye sauti inayokufa haraka. Wengi wanaoiga leo hufunga nyuzi za chuma, vidole vinachubuka na kila noti inavuma hadi kuifunika inayofuata. Mdundo unageuka uji.

Halafu kuna mwangwi, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Sam Phillips, mwenye studio ya Sun, alikuwa na mashine mbili za tepu aina ya Ampex. Moja ilirekodi bendi. Sauti ileile ilipelekwa kwenye ya pili, ikaandikwa kwenye tepu na kichwa cha kurekodi, na tepu ikateleza hadi kichwa cha kusoma, kilichokuwa sentimita 5 hivi mbele yake. Kile kilichosomwa kilirudishwa kwenye meza ya kuchanganyia sauti na kuunganishwa na sauti ya awali. Tepu ikienda sentimita 38 kwa sekunde, safari ya sentimita 5 inachukua milisekunde kama 130. Sasa piga hesabu: wimbo wenye mapigo 200 kwa dakika una milisekunde 300 kati ya pigo na pigo, na nusu yake ni 150. Kwa hiyo mwangwi unaangukia karibu na nusu ya pigo, unalijaza pengo, na watu watatu wanasikika kama watano.

Siri ni kwamba mwangwi huo unarudi mara moja tu. Ukiongeza marudio matatu au manne, au ukauchelewesha hadi milisekunde 250, maneno yanaanza kukanyagana. Kampuni ya RCA ilinunua mkataba wa Presley Novemba 1955 kwa dola 35,000, lakini ufundi huo haukuja na mkataba. Januari 1956, wakirekodi "Heartbreak Hotel" mjini Nashville, mafundi wao walitumia korido ya jengo kutafuta mwangwi. Wimbo ni mzuri, ila mwangwi wake ni wa ukumbi mtupu, mrefu na uliotawanyika. Sikiliza santuri ya 209 kisha "Heartbreak Hotel" mfululizo, tofauti utaisikia bila kuelezwa.

Jambo jingine linaloifanya santuri hii isichoshe ni kwamba wote walipiga kwa pamoja, chumba kimoja, sauti zikaingia kwenye njia moja ya tepu. Gitaa likizidi, haliwezi kupunguzwa kesho. Fundi alipanga sauti kwa kumsogeza mtu karibu na maikrofoni au mbali nayo. Unayemsikia hapo ni mtu aliyekuwa akimsikiliza mwenzake, na kasi inapopanda kidogo katikati, inapanda kwa wote.

Ukiwa na nakala ya zamani, angalia kwanza ni ya aina gani. Ya inchi 10 ni ya shelaki, mizunguko 78 kwa dakika, na inataka sindano pana, mikroni 75 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ukiweka ya kawaida itashuka hadi chini ya mfereji na utasikia mchanga mtupu. Usiisafishe kwa spiriti, kwa sababu spiriti huyeyusha shelaki. Maji safi na tone la sabuni ya vyombo yanatosha, na lebo isilowe. Ya inchi 7 ni ya mizunguko 45, ina tundu la milimita 38 linalohitaji kiziba cha katikati. Kiziba kikilegea, santuri inakaa upande na sauti inayumba kama mlevi. Hiyo ipe sindano ya ncha ya duara, mikroni 25.

Nakala za bandia za santuri za mwanzo za Sun ni nyingi. Zile zilizogandamizwa Memphis mara nyingi huwa na alama tatu za duara zilizobonyea kwenye lebo ya njano. Alama zilizochapwa kwa wino, zisizobonyea, zikutie shaka. Lakini kuzikosa si ushahidi kamili kwamba nakala ni bandia, maana viwanda vya miji mingine viligandamiza pia.

Usiponunua ya zamani, tafuta toleo jipya lililoandikwa mono, yaani sauti ya njia moja kama ilivyorekodiwa. Miaka ya 1960 nyimbo hizi zilitolewa kwa stereo ya kulazimisha, yaani njia moja iliyogawanywa iwe mbili: besi upande huu, sauti nyembamba upande ule, na mwangwi mwingine juu ya ule wa Phillips. Ile "ta" ya kiganja cha Bill Black inazama humo, na bila hiyo umebaki na mtu anayeimba juu ya gitaa.