Namba ya Masafa Siyo Historia ya Kituo

Tangu tuwaombe wananchi watuletee historia za redio za AM za miji yao nchini Marekani, maandishi yanamiminika, na tunashukuru kwa dhati. Lakini kosa ni lilelile. Mtu anakuta kituo cha mjini kwake kipo kwenye masafa ya kilohezi 1340, anasaka aliyekuwa 1340 mwaka 1935, kisha anaunganisha vituo viwili visivyo na undugu wowote.

Jamani, namba siyo kituo! Alfajiri ya 29 Machi 1941, saa tisa kwa saa za mashariki, mamia ya vituo vilihama masafa kwa mkupuo kutekeleza mkataba wa nchi za Amerika ya Kaskazini. Waliokuwa 1310 wakaenda 1340, wa 1370 wakaenda 1400, wa 1420 wakaenda 1450. Wenye redio za vitufe ilibidi wazitegeshe upya.

Fuateni leseni. Tume ya Mawasiliano, FCC, iliyoundwa 1934, ilitunza kadi za kila kituo, na sasa zinasomeka mtandaoni: mistari ya taipu iliyobanana, mmiliki, wati, masafa, tarehe ya kila kibali. Zisomeni mpaka ya mwisho.

Herufi za utambulisho, yaani jina rasmi la kituo hewani, nazo zinahitaji uangalifu. Kituo kikizima mitambo, mwenye leseni anatakiwa kuiarifu Tume ndani ya siku 10. Ukimya ukizidi siku 30, lazima awe na ruhusa. Ukifika miezi 12 mfululizo, leseni inakufa yenyewe kwa sheria ya 1996, bila kusubiri kesi, isipokuwa Tume ione haki inadai irejeshwe. Baada ya hapo herufi zilezile zinaweza kupewa kituo kingine kabisa, hata cha jimbo la mbali. Ndiyo maana hatupokei historia iliyosimama juu ya herufi peke yake.

Picha za milingoti msizitupe. Kwenye AM mlingoti wenyewe ndio antena, na kituo kilichoongeza wa pili au wa tatu mara nyingi kilikuwa kinaelekeza mawimbi ili kisiingilie wenzake usiku. Badiliko hilo limo kwenye kadi pamoja na tarehe yake, kwa hiyo idadi ya milingoti hutusaidia kukadiria umri wa picha. Nyuma yake andikeni kwa penseli laini jina la mahali, na herufi zinazoonekana juu ya mlango wa jengo.