Je, wajua kwa nini Subaru ya turbo haifi papo hapo ikinyweshwa petroli ya daraja la chini?

Fungua kifuniko cha tangi la Subaru Impreza WRX STI iliyoagizwa kutoka Japani. Kwa ndani mara nyingi utakuta maandishi ya Kijapani ambayo wenye magari wengi huku kwetu hawajawahi kusomewa. Yanaagiza petroli ya daraja la juu, isiyo na madini ya risasi. Kule Japani kukosea ni vigumu: mkono wa pampu ya petroli ya kawaida ni mwekundu, wa daraja la juu ni wa njano, wa dizeli ni wa kijani. Kiwango cha huko kinataka petroli ya kawaida ifike oktani 89 angalau, na ya juu 96, namba nitakayoieleza hivi punde. Gari likishashuka Mombasa au Dar es Salaam, rangi hizo zimebaki ng'ambo, na mhudumu wa sheli anakuuliza tu, "Ya shilingi ngapi?"

Basi mtu amejaza tangi zima petroli ya chini. Ameua injini? Mara nyingi, hapana.

Wengi huamini oktani ni nguvu, kwamba petroli ya 98 ina moto mkali kuliko ya 91. Sivyo. Lita ya hii na lita ya ile zina nishati inayokaribiana sana. Namba ile inapima uvumilivu: petroli itabanwa na kupata joto kiasi gani kabla haijajiwasha yenyewe, bila kungoja cheche ya plagi. Kipimo kimefungwa kati ya kemikali mbili, heptani iliyopewa 0 na iso-oktani iliyopewa 100. Petroli ya 95 huvumilia sawa na mchanganyiko wa iso-oktani asilimia 95 na heptani asilimia 5.

Turbo hushindilia hewa nyingi ndani ya silinda, kwa hiyo presha na joto hupanda mno. Plagi inapiga cheche pistoni ikikaribia juu, moto unaanza kusambaa kutoka katikati, na mchanganyiko uliobaki pembeni unazidi kubanwa. Petroli isiyo na uvumilivu hulipuka pale pembeni kabla moto haujaifikia. Mawimbi ya mlipuko huo hupiga chuma, ukasikia mlio kama misumari inayotikiswa kwenye kopo. Mafundi husema injini inagonga. Ubaya wake hauko kwenye kelele: kugonga huko hufagia utando mwembamba wa gesi iliyopoa kidogo unaoikinga pistoni na joto. Kukiendelea, pistoni huanza kuyeyuka, au kingo zinazoshika ringi hupasuka.

Kinachookoa ni kifaa kidogo kilichofungwa kwenye bloku ya injini, sensa yenye fuwele inayogeuza mtikisiko kuwa umeme. Ikisikia injini inagonga, kompyuta ya gari huchelewesha cheche na kwenye magari mengi hupunguza presha ya turbo. Injini inalindwa kwa kunyang'anywa nguvu. Ndiyo maana dereva huona gari limekuwa zito mlimani na linakula mafuta zaidi.

Lakini ulinzi huu una mpaka. Sensa husikia pigo likishapigwa, na kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika kila silinda huwaka mara 50 kwa sekunde. Gari ambalo fundi ameliongezea presha ya turbo ndilo ninalolihofia zaidi, maana nafasi ya kukosea imeshaliwa.

Ikikutokea, huna haja ya kumwaga tangi. Endesha taratibu, usikanyage mafuta kwa nguvu, na usilazimishe gia kubwa mlimani kwenye mizunguko ya chini. Hapo ndipo injini ya turbo hugonga vibaya. Tangi likifika nusu, ongeza ya daraja la juu: nusu ya 91 na nusu ya 98 hukupa takriban 94 au 95. Ukisikia misumari ile, toa mguu mara moja. Dizeli ndani ya gari la petroli ni jambo jingine kabisa. Hapo usiguse hata swichi, ita fundi aitoe yote.

Petroli sahihi ikirudi, kompyuta huanza kuwahisha cheche tena kidogo kidogo, inajaribu na kusikiliza, na baada ya safari kadhaa Subaru inavuta kama zamani.