Jedwali lisilo na mwisho: yanayodhaniwa na ukweli wake

Je, jedwali lenye mistari isiyo na idadi, kila mmoja ukiwa hauna mwisho, laweza kujazwa namba nzima 1, 2, 3 …, kila moja mara moja tu? Laweza, ila watu hupinga.

"Mstari wa kwanza utazimaliza namba zote." Hili ndilo ninalolisikia zaidi, nami naelewa linatoka wapi. Ukiandika 1, 2, 3, 4 ukaenda kulia bila kusimama, mstari wa pili kweli utakosa cha kuandikwa. Ila kosa hapo ni la mpangilio, si la namba. Upe mstari wa kwanza witiri peke yake, kisha kila mstari uwe mara mbili ya ule ulio juu yake:

1  3  5  7  9 …
2  6  10  14  18 …
4  12  20  28  36 …
8  24  40  56  72 …

Itafute 40. Igawe kwa mbili: 20. Tena: 10. Tena: 5, ambayo ni witiri, basi unaishia hapo. Umegawa mara tatu, kwa hiyo anzia kwenye 5 ya juu, shuka mistari mitatu. Ndipo ilipo, na haimo penginepo, maana ukiigawa namba hivyo witiri unaobaki ni mmoja tu. Mistari haina idadi, kila mstari hauna mwisho, na hakuna namba iliyorudiwa wala iliyoachwa. Kila nikiliandika jedwali hili nafurahi upya.

"Lazima umalize mstari ndipo uende wa pili." Hapana, unaweza kupita mshazari, ukiteremka kutoka kulia kwenda kushoto: 1 kwenye pembe, kisha 2 na 3, kisha 4, 5, 6, kisha 7, 8, 9, 10. Kila mshazari una mwisho, hivyo kila kisanduku kitafikiwa. Na huhitaji kuhesabu mpaka ufike. Jumlisha namba ya mstari, m, na ya safu ya kushuka, toa 1, upate d. Kisanduku kina d(d−1)/2 + m. Mstari wa 3, safu ya 5: d ni 7, basi 21 + 3 = 24. Mwanahisabati Georg Cantor alichapisha kanuni ya namna hii mwaka 1878.

"Sehemu ni nyingi kuliko namba nzima." Weka kiasi (namba ya juu ya sehemu) kwenye mstari na asili (namba ya chini) kwenye safu: 3/5 inaangukia kisanduku cha 24 tulichokipata sasa hivi. Zinazojirudia, kama 2/4, unaziruka. Sehemu zote chanya zimeorodheshwa.

"Basi chochote kisicho na mwisho kinaorodheshika." Hapa wengi huchanganya mishazari miwili ya Cantor. Ule wa juu huorodhesha. Wa mwaka 1891 hufanya kinyume: ukipewa orodha yoyote ya desimali zisizo na mwisho, unabadilisha tarakimu ya kwanza ya desimali ya kwanza, ya pili ya ile ya pili, na kuendelea hivyo, ukiepuka 0 na 9. Desimali unayoipata haimo kwenye orodha.